Nyimbo za Kufumba Mdomo

Cherehani yangu ni ya mkono, na gurudumu lake halina huruma na waya. Hedifoni yangu ya kwanza ililiwa nikishona sare ya shule. Ya pili ilikatika nikiwa juu ya baibui la mteja, na baibui likatoka na mkunjo begani ambao mwenyewe mpaka leo anadhani ni mtindo. Ndipo nikanunua hizi ndogo za kutia masikioni, zisizo na waya, pale sokoni Kismayo, kwenye meza ya mtu anayeuza pia kufuli na dawa ya mende. Hazina jina la maana. Ukiziwasha, mwanamke mmoja anakwambia kitu kwa Kichina, kisha ananyamaza na muziki unaanza. La kushoto lina nguvu kuliko la kulia. Ukishatupia mtandio juu yake, hakuna anayejua kwamba humo ndani kuna watu wanaimba.

Nyimbo nazipanga mwenyewe kwa orodha. Siamini watu wanaopanga nyimbo kwa jina la mwimbaji. Hao naona mikono yao haina kazi. Mimi napanga kwa kazi au kwa jambo. Nina orodha inayoitwa Pindo, ya nyimbo ndefu zisizopanda wala kushuka, kwa sababu kushona pindo ni kazi ya hivyo. Nina nyingine inaitwa Zipu, ya nyimbo fupi za haraka zinazoishia ghafla. Nina Waliochelewa, ambamo mwimbaji anaanza peke yake na ala zinamfuata nyuma kama watu walioachwa na boti. Na nina ile ninayoipenda kuliko zote, Kikohozi, ambayo ndani yake hamna wimbo uliorekodiwa vizuri. Ni nyimbo za harusi tu, zilizochukuliwa kwa simu na jamaa zetu waliotawanyika: huku kuku analia kisiwani Kudha, huku viti vinakwaruza sakafu ya ukumbi wa kukodi huko Ulaya, huku bibi fulani anakohoa katikati ya ubeti na wenzake wanamsubiri amalize. Naweza kusikiliza kikohozi kile mara nyingi bila kuchoka.

Sheria zangu ni chache. Lugha moja haifuatani na lugha hiyo hiyo: baada ya taarabu kinakuja kinanda cha Kisomali, kisha gitaa la Kongo, kisha wimbo wa sinema ya Kihindi ambao siuelewi hata neno, kisha kasida. Na kabla ya wimbo mtamu natia mmoja wa kuchosha, maana utamu ukifuatana na utamu hauonekani. Mume wangu alikuwa akisema napanga nyimbo kama mpishi asiyepika. Kusema kweli kupika kwangu si kwingi.

Yeye ni mtu wa Kismayo asiyewahi kutoka. Vita vilipoingia na watu wa visiwani, Wabajuni wenzangu, wakakimbilia Kenya, kwao walibaki, wakaumia kwa namna yao, na hilo hatubishani. Mimi nilichukuliwa mgongoni mwa mama. Nimelelewa kambini, kisha Mombasa, nikarudi huku nikiwa mtu mzima. Alikuwa na fungu katika boti moja ya injini na wenzake, wakivua kamba na samaki wa kuuza mjini. Ni mtu wa maneno machache, na maneno yake huyasemea mlangoni, akiwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, akivaa au akivua ndara.

Siku ya kisa chenyewe alisimama hapo mlangoni akasema. Mimi nilikuwa na nguo ya bibi harusi chini ya sindano na Waliochelewa masikioni, na wimbo ulikuwa umefika pale ngoma inapomkuta mwimbaji. Hapo huwa natikisa kichwa juu na chini, siwezi kujizuia. Nikatikisa. Yeye aliona mke wake ameinua uso, amemtazama, amekubali. Akavaa ndara akaenda zake akiwa na furaha.

Habari niliipata kwa jirani, nikianua nguo. "Hongera dada," akaniambia, "nasikia mwahamia Mombasa." Nikacheka, nikidhani ni utani. Akanieleza kila kitu kwa mpango, kwani yeye kila kitu alikijua: ami yake mume wangu ana duka la vifaa vya boti Mombasa, amezeeka, anataka mtu wa nyumbani wa kulisimamia, mume wangu ameuliza, mke amekubali, basi fungu la boti limeshauzwa kwa wenzake. Nguo zilikuwa hazijakauka vizuri lakini nilizianua hivyo hivyo.

Aliporudi nilimuuliza. "Nlikwambia, nawe ukakubali," akasema. Nikamwambia sikusikia. Akasema alinitazama usoni. Nikamwambia mtu akitaka kuhamisha nyumba anaingia ndani, anakaa, anamtoa mwenzake hedifoni masikioni, ndipo aseme. Akasema yeye hajui kuomba ruhusa ya kuzungumza na mkewe ndani ya nyumba yake. Hapo kila mmoja alikuwa na haki yake, na jambo likifika hapo halina dawa ya siku hiyo.

Nikasusa. Kwetu kususa kuna utaratibu. Mwanamke haondoki kwa kelele. Anachukua nguo kidogo, anaenda kwao, na anaacha nyuma kitu kizito ili ijulikane kwamba amekasirika tu, hajaachika. Mimi niliacha cherehani. Nilichukua simu, hedifoni na mashuka yangu, nikapanda boti ya abiria mpaka kisiwa cha Koyama kwa baba yangu, aliyerudi huko kabla yangu akiwa mjane na hataki tena kusikia habari za kuhama. Baada ya hapo mume hampigii mke simu. Anakuja mwenyewe, na watu wazima wawili au watatu wa upande wake, na sukari na majani ya chai. Wanabisha hodi, wanakaa, wanasema walichokuja kusema, na baba anawaweka kidogo kwa makusudi. Asipokuja, mke anakaa. Hata akitaka kurudi, hawezi kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Atakuwa amejirudisha, na mke aliyejirudisha hana la kusema tena nyumbani kwake maisha yote.

Mimi nilitaka kurudi tangu wiki ya kwanza. Nilimtaka mume wangu, na nilitaka kubaki huku. Sikuwa tayari kutoa kimoja ili nipewe kingine. Lakini hakuja. Kwa hesabu yake yeye ndiye aliyekosewa: alisema, akaitikiwa, akauza fungu lake la boti, kisha mke akakana. Baba naye alikuwa na kiburi chake cha kawaida. Mume wangu alipompigia simu, aliiangalia mpaka ikanyamaza, akaiweka kifudifudi, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikaa katikati yao nikiwasha moto wa chai.

Huko kisiwani nilipanga orodha mpya, maana mkono ulikuwa mtupu bila cherehani. Ilikuwa orodha ya nyimbo ambamo mtu yuko mlangoni. Utashangaa zilivyo nyingi, kwa kila lugha. Wengine wanabisha, wengine wanaaga, mmoja wa Kisomali anauliza tu kama watu wa humo wamelala. Nilipomaliza niliifuta. Ilinichosha.

Kisha nahodha wa boti ya abiria akaja nyumbani na kijikaratasi kilichokunjwa, ndani yake memori kadi. "Mumeo mesema nikupe," akaniambia.

Baba alikuwa barazani. Aliikodolea ile kadi macho kana kwamba ni mdudu. "Ni nini hiyo?"

"Nyimbo," nahodha akasema.

"Mchu huya na wachu wake," baba akasema, yaani mtu huja na watu wake. "Hayi na nyimbo."

"Haye, mimi ni mletaji tu."

Baba alikasirika kweli. Alisema mtu akiwa hana watu wa kufuatana naye aseme, atakopeshwa. Lakini kumtumia mke vitu vidogo vidogo kwa nahodha ni mambo ya wavulana na wasichana. Mimi niliudhika zaidi, ingawa kwa sababu nyingine. Nilitia kadi kwenye simu nikasikiliza jikoni, na orodha yenyewe haikuwa na kichwa wala miguu. Wimbo wa kwanza ulikuwa wangu kabisa, ninaoupenda. Wa pili pia. Wa tatu ulikuwa tangazo la sabuni. Ukafuata wimbo wa sinema ya Kihindi, lakini si ule wangu, ni mwingine ambao sijawahi kuusikia. Kikaja kinanda cha Kisomali, sawa. Ikaja bendi ya askari yenye tarumbeta. Nyimbo za watoto. Taarabu moja nzuri. Kisha kitu cha Kiarabu kilichorudiwa mara mbili, kwa waimbaji tofauti. Nilidhani ananidhihaki, ameokota nyimbo dukani kama mtu anayeokota kuni, akaniletea ili aseme: hizo hapo, si ndizo unazozipenda kuliko mimi?

Nililia kidogo. Sina tabia hiyo, na moshi ulisaidia.

Nahodha aliporudi safari nyingine nilimkabidhi kadi amrudishie mwenyewe. Alikataa kuipokea. Alikaa barazani karibu na baba, akaomba maji, akanywa, akasema afadhali aseme aliloliona, kisha tufanye tunavyotaka.

Aliyoyaona ni haya. Pale sokoni kuna duka la mtu anayetia watu nyimbo kwenye simu. Unamtajia wimbo, anakutilia. Mume wangu alikwenda pale mchana, duka limejaa, akasema anataka nyimbo za mke wake. Zinaitwaje? Hajui. Zimeimbwa na nani? Hajui. Nani angejua, na mimi nimezifungia masikioni miaka yote hiyo. Kitu pekee alichokijua ni ule mvumo wangu. Mimi nikisikiliza huwa nazivumisha nyimbo, mdomo nimefumba, kwa pua, wala sijui kama nafanya. Basi mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, asiyeimba hata harusini, alisimama mbele ya watu akafumba mdomo akaanza kuvumisha. Mwenye duka anatafuta, anampigia wimbo: ndio huu? Siyo. Huu? Huo. Anaanza mwingine. Watu walicheka mpaka wakaita wenzao waje. Wachuuzi wa maembe waliacha biashara. Mmoja akampa jina, na sasa akipita sokoni wanamwita kwa jina hilo. Hakuondoka. Siku ya pili alirudi, kwa sababu alikuwa amezikumbuka nyingine.

Ndiyo maana nyingine zilikuwa sizo. Tangazo la sabuni, ukilivumisha bila maneno, linafanana sana na wimbo mmoja wa gitaa ulioko kwenye Zipu. Ile bendi ya askari ni kasida yangu moja, ikiimbwa na mtu asiye na pumzi.

Baba alimgeukia nahodha. "Alisimama sokoni?" akauliza.

"Alisimama."

"Mchana?"

"Mchana."

Baba alizungusha kikombe chake. Nadhani alikuwa anapima. Kuleta watu wawili na sukari hakumvunjii mtu heshima. Ni desturi, kila mtu amefanya. Jambo hili lilikuwa halimo katika desturi na lilikuwa zito kuliko desturi, na baba hapendi vitu visivyo na mahali pake. Mwisho akamwambia nahodha, "Mwambie aye. Hata na mchu mmoja." Kisha akaongeza, ili asionekane amelainika, kwamba sukari asisahau.

Mume wangu alikuja na kaka yake mkubwa. Walibisha hodi, wakakaa, baba akawaweka kidogo kwa makusudi. Yaliyosemwa yalisemwa. Kaka yake alisema vizuri, na baba alijibu vizuri, kisha wote wawili wakaondoka kwenda kutazama kitu fulani nje ambacho hakikuwapo, wakatuacha ndani.

Safari hii alikaa. Hakusimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimevua hedifoni zangu na kuziweka kwenye mkeka, wazi, azione. Akaniuliza upya, taratibu, kama mtu anayesoma barua: ami yake yuko Mombasa, duka liko, hospitali ziko, shule ziko. Nitakwenda?

Nilimwambia sitakwenda.

Akauliza kwa nini, na mara hii aliuliza akitaka kujua. Ni jambo la ajabu, miaka yote ile hatukuwahi kuzungumza habari za Mombasa isipokuwa juujuu: kulikuwa na joto, mama alifia huko. Nikamwambia mengine. Kambi ilipofungwa tuliingia chumba cha kukodi mtaani, watu wengi katika chumba kimoja, bila karatasi yoyote. Kukiwa na msako wa polisi, waliojulikana kwa lafudhi walichukuliwa. Mama alituzuia kusema Kibajuni nje ya mlango. Kiswahili cha Mombasa nilikuwa sijakishika bado. Kuimba ndiko alikochelea zaidi, maana mtoto akiimba hujisahau, na mimi nilikuwa mtoto wa kuimba. Nilikuwa nazijua nyimbo za harusi zote za bibi zangu. Kila nikianza, mama alikuwa ananiwekea kiganja mdomoni. Hakunipiga, hata siku moja. Alinifumba tu mpaka wimbo umalizike ndani. Nikajifunza kuumaliza humo humo, kwa pua. Tulipotoka chumba kile nilikuwa msichana mkubwa, na sikuimba tena kwa mdomo wazi. Harusini mimi hupiga vugo. Napiga ile pembe kwa kijiti kwa nguvu, wenzangu wanaimba, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Mume wangu akasema, "Mimi nlidhani ni furaha."

Nikamwambia mara nyingine ni furaha. Sikutaka achukue jambo lile akalifanya zito kuliko lilivyo. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na nilimwonea huruma, maana alikuwa amekwenda kusimama sokoni na kuchekwa kwa ajili ya kitu asichokijua ni nini.

"Hatwendi," akasema.

Nikamuuliza fungu la boti. Akasema fungu limekwisha kwenda, wenzake hawalirudishi, atavua kwenye boti hiyo hiyo kama kibarua mpaka Mungu afungue. Alisema hivyo bila kulalamika. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu najua alivyoipenda injini ile na namna alivyokuwa akiifunika. Akatoka akapanda juu kidogo ambako mtandao unashika, akampigia ami yake. Nilimwona kutoka mlangoni akizungumza, akiinama kama ilivyo adabu, hata kwenye simu. Aliinama muda mrefu. Ami yake si mtu wa kumaliza maneno haraka.

Aliporudi alikuwa amechoka. Baba na kaka yake walikuwa bado wanatazama kile kitu chao kisichokuwapo. Mume wangu akakaa karibu nami, akachukua hedifoni moja kwenye mkeka, akaigeuza geuza, akairudisha. Akaniomba nimwimbie mmoja. Wowote, lakini kwa maneno yake.

Nikasema watasikia nje.

"Nawasikie," akasema.

Nilichagua ule wa bibi anayekohoa, kwa sababu maneno yake nayajua tangu sijaanza kutembea vizuri. Nikafungua mdomo. Mwanzo ilitoka pumzi tu. Kisha ikatoka sauti, nikaenda nayo mpaka mwisho wa ubeti, maneno yote, kwa nguvu, nje kukawa kimya kabisa. Sauti yangu ni mbaya. Ni mbaya kweli, haina pa kuishika. Yeye alikuwa hajui, na mimi nilikuwa sijui.